Mpime Mtoto, Usilipime Kabila

Vijana wanaojiandaa kufunga ndoa hutuuliza maswali mengi, na mojawapo hurudi mara kwa mara: "Mchungaji, ni kweli damu za makabila hazifanani?" Huliuliza kijana wa Kisukuma anayetaka kuoa binti wa Kichaga. Huliuliza pia bibi ambaye mjukuu wake amegeuka manjano siku ya tatu baada ya kuzaliwa, naye anatafuta upande wa kulaumu. Hapa Nkoma, wilayani Itilima, wengi wetu ni Wasukuma, lakini wapo walimu, wauguzi na wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya nchi, wakaoa na kuolewa hapa. Kwa hiyo swali hili halitoki vitabuni. Limo ndani ya nyumba zetu.

Yapo majibu mepesi mawili. La kwanza husema kwamba damu ni damu, wote tunatoka damu nyekundu, tofauti hakuna, na anayezitaja analeta ukabila. La pili husema kwamba kila kabila lina damu yake, nyingine njema na nyingine mbaya, na mwenye hekima huchagua asije akaharibu uzao. Tunaamini kwamba majibu yote mawili yanawaumiza watoto, na kwamba imani yetu inatudai jibu la tatu.

Tuanze na jambo lenyewe. Ndani ya kila chembe nyekundu ya damu kuna kimeng'enya ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi G6PD. Kazi yake ni kuilinda chembe isiharibiwe na sumu zinazotokana na baadhi ya dawa, vyakula na maradhi. Mtu ambaye kimeng'enya chake ni dhaifu anaweza kulima, kuzaa na kuzeeka akiwa mzima bila kujua lolote. Lakini akipewa dawa fulani, kama primakwini ya malaria au dapsoni ya ukoma, chembe zake nyekundu zinaweza kuvunjika kwa wingi. Hupungukiwa damu, mkojo ukawa mweusi, macho yakawa ya manjano.

Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi. Ini lake bado halijakomaa, haliwezi kuondoa haraka bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na chembe zilizovunjika. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au akabaki kiziwi, au viungo vyake visimtii maisha yake yote. Watu wenye upungufu huu duniani wanakadiriwa kuzidi milioni 400, na hawakusambaa sawasawa: mahali pengine ni wengi sana, pengine karibu hawapo. Hivyo anayesema tofauti hakuna anasema neno zuri lisilo kweli.

Lakini tofauti hizi zimetoka wapi? Habari yake inatufundisha unyenyekevu. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani, waliokuwa wakiijaribu primakwini kwa wafungwa wa gereza la Stateville katika jimbo la Illinois, walieleza kwamba walioumizwa na dawa hiyo walikuwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Wafungwa hao wengi walikuwa Wamarekani Weusi. Ingekuwa rahisi kufunga faili hapo na kuandika kwamba hiyo ndiyo damu ya mtu mweusi. Haikupita miaka mingi, upungufu huo ukaonekana kwa watu wa kisiwa cha Sardinia nchini Italia, ambako tangu zamani watu waliugua baada ya kula aina ya maharage yanayoitwa fava. Ukaonekana Ugiriki, kwa Wayahudi waliotoka Iraki, India na China. Rangi ya ngozi, iliyodhaniwa kuwa ndiyo maelezo, haikueleza kitu.

Maelezo bora yalipatikana karibu na kwetu. Daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikusanya damu za makabila mbalimbali ya Kenya mwaka 1949 akichunguza selimundu. Aliona kwamba watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa na chembe hizo kwa wingi, na watu wa nyanda za juu karibu hawakuwa nazo. Mipaka ya lugha haikuhusika. Wajaluo wanasema lugha ya Kiniloti, majirani zao wengi wanasema lugha za Kibantu, lakini kwa jambo hili waliokaa karibu na ziwa walifanana. Mwaka 1954 Allison alichapisha jibu lake: malaria. Mtoto aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo palipo na mbu wengi, chembe hiyo hubaki kizazi hadi kizazi. Mwaka 1960 alichapisha matokeo kuhusu G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki, na huko nako njia ilielekea kwenye malaria.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaishi ndani ya habari hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia sampuli za damu za watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania zilizopelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliona kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano amebeba selimundu ya mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Takwimu hizi ni kumbukumbu ya mahali. Babu zetu walikaa penye maji na penye mbu, wengi wakazika watoto, na waliobaki wakaturithisha walichokuwa nacho. Mbu hakumuuliza mtu kabila lake kabla ya kumuuma.

Paulo alipowahubiri watu wa Athene, waliojiona bora kuliko mataifa mengine, aliwaambia kwamba Mungu aliumba kila taifa kutoka kwa mtu mmoja, akawawekea nyakati na mipaka ya makazi yao. Tumezoea kuisoma nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili inasema kwamba watu wa asili moja wamekaa mahali tofauti, na mahali huacha alama. Umoja wa asili na tofauti za makazi vimo katika sentensi moja ya mtume, wala havipigani.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa manjano na bibi anayetafuta upande wa kulaumu. Jeni ya kimeng'enya hiki imo kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume ana X moja, nayo hutoka kwa mama. Ndiyo maana wavulana huathirika zaidi kuliko wasichana, na ndiyo maana ukweli huu, ukifika nyumbani nusu nusu, hugeuka silaha. Tunajua jinsi maneno yanavyotembea: "Daktari mwenyewe amesema imetoka kwa mama. Tuliwaambia tangu mwanzo, ukoo ule damu yao ni mbaya." Mwanamke aliyejifungua juzi, bado ana maumivu, anashtakiwa kwa kitu ambacho hakukichagua, alichokipata kwa baba yake au kwa mama yake, nao kwa wazazi wao.

Wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu tangu kuzaliwa: nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakusema ni mama, hakusema ni baba, hakusema ni ukoo. Aliwageuza wanafunzi waache kuchimba nyuma na waitazame kazi ya Mungu iliyokuwa mbele yao, kisha akainama chini, akafanya tope, akamgusa yule mtu. Mbele ya mtoto mgonjwa, swali la Kikristo ni nini kifanyike leo. Kujua urithi kunasaidia pale tu kunapotumika kumlinda mtoto huyu na ndugu zake watakaozaliwa. Kukitumika kumhukumu mama, tumerudi kwenye swali ambalo Bwana alilikataa.

Katika nchi yetu hii ya Usukuma hatuna haki ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Hapa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Katika kanda hii hii watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa na watu walioamini kwamba mwili wao una bahati ya kuuzwa. Mara zote hizo watu waliona alama kwenye mwili wa jirani, wakaifanya hukumu juu ya nafsi yake. Anayeanza kusema kwamba damu ya ukoo fulani ni chafu asidhani ameshika njia mpya. Njia ile ni ya zamani, na ina makaburi.

Je, basi si afadhali tunyamaze, tuseme damu zote ni sawa, tuyafunge mazungumzo? Hapana, kwa sababu kunyamaza nako kuna gharama, na anayeilipa huwa ni mtoto wa maskini. Mwaka 2003 ilisajiliwa dawa ya malaria iliyokusudiwa hasa Afrika, iliyochanganya kloroproguanili na dapsoni. Ilikuwa na nia njema na bei nafuu. Lakini majaribio zaidi yalionyesha kwamba wagonjwa wenye upungufu wa G6PD walipungukiwa damu kwa kiasi cha hatari, na mwaka 2008 dawa ikaondolewa. Damu za watu ambao dawa ilitengenezwa kwa ajili yao zilikuwa na jambo la kusema, na lilihitaji kusikilizwa mapema.

Hata kuitambua manjano yenyewe ni hivyo. Katika miaka ya 1950, kwenye hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi aliyeitwa Ward alitambua kwamba ngozi ya watoto wachanga ilipoteza umanjano pale ilipopigwa na jua. Kutokana na jicho lake, daktari Cremer na wenzake walitengeneza tiba ya mwanga, wakaitangaza mwaka 1958, na tiba hiyo inaokoa watoto hadi leo. Tunamshukuru Mungu kwa muuguzi yule. Lakini tukumbuke kwamba alitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya watoto wetu umanjano hujificha, na anayetafuta kile alichokisoma kwenye kitabu cha ng'ambo anaweza kumruhusu mtoto arudi nyumbani akiwa tayari hatarini. Kwetu inabidi kutazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, tena kwenye mwanga wa mchana.

Wakulima wa pamba wa Simiyu hawahitaji kufundishwa somo la mizani. Wanajua uchungu wa kufikisha mzigo na kukuta mizani imechezewa. Sheria ya Musa inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Mtu anaweza kuuliza: je, kusema kwamba kiwango cha kawaida cha damu kinatofautiana kati ya watu, si ndiyo kubeba mawe mawili? Tunajibu kwamba mizani ni kitu kimoja, na kujua uzito wa kawaida wa mzigo ni kitu kingine. Mashine ya maabara lazima iwe ile ile kwa wote, iseme kweli kwa wote. Lakini neno "kawaida" lililoandikwa pembeni ya majibu lilitokana na watu fulani waliopimwa mahali fulani. Watafiti waliopima watu wazima wenye afya mkoani Mbeya, wakachapisha mwaka 2008, na waliopima watoto wenye afya mkoani Kilimanjaro, wakachapisha mwaka 2010, waliona kwamba kwa viwango vya Marekani wengi wa watu hao wazima wangehesabiwa kuwa na kasoro. Hata kwa G6PD, mtoto mchanga mwenye afya huwa na kimeng'enya chenye nguvu kuliko cha mtu mzima, kwa sababu chembe zake nyingi ni changa. Ukimpima kwa kiwango cha baba yake unaweza kumwona mzima kumbe ana upungufu. Jiwe la haki ni lile linalomfaa anayepimwa.

Hapa tunakutana na swali gumu zaidi. Kama tofauti zipo, na zina maana, je, muuguzi amwulize mama kabila lake? Taifa letu lilifanya uamuzi wa busara kuhusu neno hili. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila, na tangu hapo tunahesabiwa kama Watanzania. Wapo wanaosema kwamba hospitali haiwezi kujinyima taarifa hiyo. Tunadhani kuna mambo mawili yanayochanganywa.

Serikali inapopanga wapi pa kupeleka vifaa vya kupimia na taa za manjano, ni haki ijue kwamba upungufu ni mwingi katika kanda fulani. Huko ni kugawa mkate kulingana na njaa. Lakini mtoto mmoja akiwa mikononi mwa muuguzi, kabila ni shahidi dhaifu. Mtoto wa Kisukuma anaweza kuwa na kimeng'enya imara kabisa. Mtoto wa mlimani anaweza kuwa amerithi upungufu wa bibi yake aliyeolewa kutoka pwani. Akihukumiwa kwa kabila, wa kwanza atanyimwa dawa aliyoihitaji, na wa pili atapewa dawa itakayomdhuru. Lipo swali bora zaidi, nalo ni la familia: je, mtoto mwingine wa nyumba hii aliwahi kugeuka manjano, au mjomba aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa? Na lipo jambo bora kuliko maswali yote, nalo ni kipimo. Mpime mtoto, usilipime kabila.

Tutaambiwa kwamba zahanati nyingi vijijini hazina kipimo hicho. Ni kweli. Basi pasipo na kipimo, haki ni kumtazama kila mtoto kana kwamba yeye ndiye, bila kumruka yeyote kwa sababu wazazi wake wanatoka kwenye damu inayosifiwa.

Sisi Walutheri tuna sababu yetu ya kulisema hili kwa sauti. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu amewapa wanadamu, na kwamba Kanisa lisivivunje. Alisema kweli kubwa. Hakuna anayelelewa peke yake, na damu ni nzito kuliko maji. Lakini tumeona pia mahali damu inapofika ikiachwa itawale Kanisa. Mwaka 1933 baadhi ya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalikubali kanuni ya kuwaondoa katika utumishi wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Watu waliobatizwa, waliowekwa wakfu, walipimwa kwa bibi zao. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri, alikuwa miongoni mwa waliosimama kupinga.

Dawa ya ugonjwa ule tulikuwa nayo tangu mwaka 1529, katika Katekisimu Ndogo. Luther alipoeleza maana ya kumwamini Mungu Muumba, hakuanza na mataifa wala koo. Alianza na mimi: Mungu ameniumba mimi, na mwili wangu, na viungo vyangu. Kila mtoto wa kipaimara hujifunza kusema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe. Na kwenye kisima cha ubatizo ni vivyo hivyo. Kanisa halibatizi kabila. Mtoto mmoja hutajwa kwa jina lake, na maji humwagwa juu ya kichwa chake. Mungu anayemwita mtu kwa jina ametufundisha kumtazama mtu kwa jina, hata pale tunapotazama damu yake.

Basi kwa wazazi wa Nkoma na kwingineko tunasema haya. Mtazame mtoto wako kila siku katika juma la kwanza, mlangoni, penye mwanga. Akigeuka manjano ndani ya siku ya kwanza, au manjano ikifika viganjani na nyayoni, au akiwa mlegevu asiyenyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kumwanika juani peke yake hakutoshi. Usimvike nguo zilizotunzwa na vile vidonge vyeupe vya harufu kali vya kufukuzia mende, kwa sababu kwa mtoto mwenye upungufu vinaweza kuvunja damu yake. Mtoto akigundulika ana upungufu, liandikwe kwenye kadi yake, na kadi itunzwe kama cheti cha ubatizo, ili kila mganga atakayempa dawa ajue.

Kwa vijana wanaotaka kuoana tunasema: pimeni, mjue, kisha mpange pamoja. Upungufu wa kimeng'enya hiki si sababu ya kuvunja uchumba, kwa kuwa mtu hulindwa kwa kuijua hali yake na kuepuka yanayomdhuru. Selimundu inahitaji mazungumzo marefu zaidi, nasi tuko tayari kukaa nanyi.

Na kwa wakwe na wazee wa koo tunasema neno moja tu. Mjukuu akizaliwa na alama ya mahali babu zake walipopita, amebeba habari ya waliookoka. Mfunikeni pamoja na mama yake.